Uzi maalumu wa Smita Patil: picha alizocheza, na kwa nini nasema hajapata wa kumfikia

Mkwajuni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifunguliwa mada ya picha za Kihindi humu, majina ni yale yale: Amitabh, Mithun, Dharmendra, Sridevi, Madhuri, Shah Rukh. Sina ugomvi nao, nimekua nao. Lakini yupo mwanamke mmoja ambaye sijawahi kuona uzi wake hapa, na kwa maoni yangu ndiye mwigizaji bora wa kike aliyepata kutokea India. Anaitwa Smita Patil. Alizaliwa Pune tarehe 17 Oktoba 1955, akaonekana kwenye skrini ya sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1975, akafariki tarehe 13 Desemba 1986 akiwa na miaka 31. Miaka 11 ya kazi, basi. Picha alizoacha ni kama 80 hivi, kwa Kihindi, Kimarathi, Kigujarati, Kibengali na hata Kimalayalam.

Wengi wenu mmeshamwona bila kujua ni nani. Ndiye yule aliyelowana na mvua pamoja na Amitabh katika *Namak Halaal* (1982). Waliomjua kwa mvua ile peke yake ndio hasa ninaowaandikia.

Baba yake alikuwa mwanasiasa Maharashtra, mama yake muuguzi na mtu wa kazi za jamii. Nyumba ile ilikuwa ya mikutano na maandamano, watoto wanalala huku wakubwa wanajadili siasa. Hakusomea uigizaji kwa lengo la kuwa nyota. Alikuwa msomaji wa habari kwa Kimarathi kwenye televisheni ya taifa, Doordarshan, kituo cha Bombay. Inasimuliwa kwamba alikuwa anafika studio na jinzi yake, anazungushia sari juu, anakaa mezani anasoma habari. Muongozaji Shyam Benegal akamwona kwenye televisheni. Yale macho, na ile sauti ya chini, vikamshika. Akampa nafasi ndogo kwenye picha ya watoto, *Charandas Chor*, kisha *Nishant*, zote za 1975.

Hapa inabidi mjue hali ilivyokuwa. Bombay ilitaka msichana mweupe, mwenye nywele zilizotengenezwa na kope za kubandika. Smita alikuwa mweusi wa rangi, uso mwembamba, hapaki poda. Kwa vipimo vya soko lile hakuwa na bei. Lakini India ilikuwa na kundi la waongozaji waliochoka na vipimo hivyo: Benegal, Mrinal Sen, Govind Nihalani, Ketan Mehta, Jabbar Patel, Saeed Mirza. Walikuwa wakitengeneza picha za bei nafuu kuhusu vijiji, madeni, tabaka na ardhi. Watu wakaziita sinema sambamba, kwa kuwa zilikwenda ubavuni mwa zile za soko. Smita ndiye akawa uso wake.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea uzi mzima: hakuna mwigizaji aliyemcheza mwanamke anayefanya kazi kwa mikono yake kama Smita. Mchota maji, mkamua maziwa, mponda pilipili, mama wa mabandani. Akiwacheza, unaona wanawake wenye akili zao, hasira zao, tamaa zao na makosa yao. Humhurumii kwanza. Kwanza unataka kujua atafanya nini.

Nitaanza na picha tatu, halafu tuendelee kwa kuulizana.

*Manthan* (1976). Hii ni picha ya ushirika wa maziwa Gujarat, inatokana na kazi ya Verghese Kurien na wakulima wa Kheda walioujenga ushirika wa Amul. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwa wafugaji 500,000, kila mmoja rupia 2. Ilipotoka, wakaja kuitazama kwa malori, kwa sababu ilikuwa yao. Smita anacheza Bindu, mwanamke wa tabaka la chini, ana mtoto na nyati wa maziwa, mume hajulikani yuko wapi. Daktari wa mifugo kutoka mjini (Girish Karnad) anafika kijijini kupima maziwa, Bindu anamtazama kama mwizi mwingine aliyevaa shati safi. Polepole anaanza kumwamini, na kuna kitu kinachipuka baina yao ambacho hakitamkwi hata mara moja. Kisha mume anarudi, anatumiwa na wenye maslahi, na Bindu anawekeshwa dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, karatasi inayomshtaki daktari kwa jambo ambalo hakulifanya. Tazameni uso wake baada ya hapo.

Inasimuliwa kuwa wakati wa kupiga picha ile, watu walikuja kutazama wakauliza mhusika mkuu wa kike yuko wapi. Wakaonyeshwa Smita, ameketi chini na wanawake wa kijiji, wakakataa kuamini.

*Bhumika* (1977). Hapa ndipo alipopata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, akiwa na miaka 22 hivi. Imetokana na kumbukumbu za Hansa Wadkar, mwigizaji wa Kimarathi wa enzi za zamani. Smita anamcheza Usha, anayejulikana na watu kwa jina la Urvashi, kuanzia msichana mdogo wa kuimba hadi mwanamke mwenye binti mkubwa. Mumewe Keshav (Amol Palekar) ndiye aliyemtoa kwenye umaskini, na ndiye anayekula jasho lake. Anakimbilia kwa mwigizaji mwenzake, kwa muongozaji mwenye mawazo ya kujiua, mwisho kwa tajiri mmoja wa shamba, Kale, anayechezwa na Amrish Puri. Kwa Kale anapata heshima, jumba, mtoto wa kumpenda. Siku anapotaka kumpeleka yule mtoto kwenye maonyesho ndipo anapoambiwa kuwa mwanamke wa nyumba ile hatoki nje. Na wa kumtoa mle anageuka kuwa Keshav yule yule aliyemkimbia.

Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale kwa Kale. Hajapigwa. Hajatukanwa. Amekatazwa mlango tu, na Smita anakuonyesha mtu anayehesabu kimoyomoyo maisha yake yote yaliyomfikisha pale, bila kupandisha sauti.

*Mirch Masala* nitaiachia nafasi yake peke yake baadaye, hiyo haichanganywi.

Karibuni.

Kiwira Juu

Mkuu, mimi ni mfugaji, ng'ombe watano wa maziwa, na hiyo *Manthan* niliwahi kuonyeshwa na mwalimu mmoja wa ushirika aliyekuwa nayo kwenye kompyuta yake. Sikujua mwanamke yule anaitwa nani. Kilichonikaa ni ile habari ya kupima mafuta ya maziwa. Yule mwenye kiwanda binafsi anawanunulia wote bei moja ya chini, maziwa mazito na mepesi, mpaka anakuja mtu na vichupa vyake na kuwaambia, mama, maziwa yako yana mafuta mengi, yana thamani zaidi. Sisi huku tumepitia hayo hayo na mnunuzi mmoja. Ukiona wenzako wa bara lingine wamelijua hilo tangu miaka ya sabini, unakaa kitako.

Swali: walifanikiwa mwishoni? Mwalimu alizima kabla haijaisha, umeme ulikatika.

Mkwajuni

Mkuu Kiwira Juu, mwishoni daktari anahamishwa, anaondoka kwa treni. Ushirika unayumba, lakini Bhola (Naseeruddin Shah), yule kijana mkali wa watu wa tabaka la chini, anaushika na kuanza kuuendesha na wenzake. Ndiyo maana naipenda. Mkombozi wa mjini anaondoka, kazi inabaki kwa wenye ng'ombe. Picha hiyo ilisafishwa upya na kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes Mei 2024, karibu miaka 50 baada ya kutengenezwa, na Benegal alikuwa bado hai. Alifariki Desemba mwaka huo huo.

Mzee wa Ng'ambo

Vijana, nimesoma kwa furaha. Sisi Unguja tulikuwa tunazijua picha za Kihindi tangu utoto, Majestic, Empire, Cine Afrique. Na Dar kulikuwa na Avalon, Empress, Odeon. Nyimbo tulizishika bila kujua maana, na waimbaji wetu wa taarabu wakachukua sauti zake wakatia maneno ya Kiswahili. Lakini zilizofika kwetu zilikuwa za nyimbo na ngumi. Hizi za kina Benegal sikumbuki kuziona kwenye jumba lolote. Smita nilimjua kwa *Shakti*, alipocheza na Amitabh na Dilip Kumar, na macho yote yalikuwa kwa Dilip na Amitabh, baba na mwana. Yeye tulimwona kama msichana wa steringi.

Nakuuliza mleta mada: kama alikuwa na msimamo wa aina hiyo, kwa nini aliingia kwenye picha za soko?

Mkwajuni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo walilomuuliza hata kwao, na alilijibu mwenyewe kwenye mahojiano. Alisema kwa miaka kama 5 alikataa kila kazi ya soko, akabaki na sinema ndogo. Kisha sinema hiyo ndogo ilipoanza kushika, waongozaji wake wakaanza kutafuta majina makubwa ya kuuzia tiketi, na yeye akaachwa pembeni kwenye kazi kadhaa. Akaona basi, kama jina ndilo linalotakiwa, atalitafuta hukohuko sokoni, halafu atarudi nalo.

Mimi namwelewa kabisa. Sioni usaliti hapo. Mwaka 1982, ambao ndio ametoka kwenye *Namak Halaal* na *Shakti*, ndio huo huo ametoka kwenye *Arth*, *Bazaar* na *Umbartha*. Nani mwingine amewahi kuwa na mwaka kama huo?

Kuhusu wimbo wa mvua, inasimuliwa alirudi nyumbani akalia, akiona ameuza kitu ambacho hakikuwa cha kuuza. Amitabh ndiye aliyemtuliza, akimwambia kwamba ni uhusika unavyotaka. Baada ya hapo wakawa marafiki. Amitabh mwenyewe amesimulia kwamba usiku wa kuamkia ajali yake wakati wa kupiga picha ya *Coolie*, Julai 1982 kule Bangalore, Smita alimpigia simu hotelini kuuliza kama yuko salama, kwa kuwa alikuwa ameota ndoto mbaya juu yake. Kesho yake akaumia vibaya.

BintiSalome

Kaka Mkwajuni, naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa heshima. Unasema hajapata wa kumfikia. Na Shabana Azmi je? Ana tuzo za taifa 5, tatu kati ya hizo kwa miaka mitatu mfululizo. *Ankur*, *Arth*, *Khandhar*, *Paar*, *Godmother*. Tena katika *Arth* walikuwa pamoja, na tuzo ilikwenda kwa Shabana. Mimi nimeitazama hiyo picha na dada zangu, sote tulikuwa upande wa Pooja, mke aliyeachwa. Smita alikuwa mwanamke wa nje. Siku Pooja anapokataa kumrudia yule mume, tulipiga makofi sebuleni.

Mkwajuni

Dada BintiSalome, Shabana namheshimu mno, na sitamshusha ili kumpandisha mwingine. Lakini itazame *Arth* mara nyingine, safari hii mfuate Kavita, yaani Smita. Picha nzima imejengwa ili tumchukie. Mahesh Bhatt aliitoa kwenye maisha yake mwenyewe. Kavita ni mwigizaji tajiri, amemchukua mume wa mtu, na akili yake inapasuka. Smita angeweza kumcheza kama mchawi, na watu wangeridhika. Badala yake anamcheza mtu anayeogopa. Anaogopa kuachwa, anaogopa kwamba alichokichukua si chake. Anapomwachia yule mwanamume mwishoni, unajua alikuwa anajua tangu mwanzo.

Pooja ana mapenzi yetu kuanzia dakika ya kwanza. Kavita inabidi ayatafute kutoka sifuri, na anayapata. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi kwenye picha ile.

Halafu walikutana mara nyingi: *Nishant*, *Arth*, *Mandi* (1983), hiyo ya nyumba ya malaya, Shabana ndiye mwenye nyumba, Smita ndiye msichana wa kuimba anayelindwa kama dhahabu. Magazeti yaliwafanya maadui. Shabana amesema hadharani miaka ya baadaye kwamba anajutia ushindani ule.

BintiSalome

Hapo kwa Kavita kuogopa umenifikirisha. Nitairudia. Lakini kura yangu bado iko kwa Shabana, nakwambia mapema.

Msafiri wa Ruwi

Salamu kutoka Muscat. Umeitaja *Bazaar* ukapita, naomba niseme mimi kwa sababu huku Ghuba inatuhusu. Nimeitazama na majirani zangu wa Hyderabad, na ilikuwa kimya chumbani.

Smita ni Najma, mwanamke wa familia iliyokuwa na cheo zamani na sasa haina kitu. Anaishi na mwanamume anayemwahidi ndoa. Rafiki wa mwanamume huyo ametoka Ghuba na pesa, ana umri mkubwa, anataka binti mdogo wa kuoa. Najma, ili naye afunge ndoa yake aliyoahidiwa, anasaidia kumtafutia. Wanakwenda Hyderabad kama watu wanaokwenda mnadani. Anapatikana Shabnam (Supriya Pathak), maskini, ambaye anapendana na kijana mwingine (Farooq Shaikh). Wazazi wana njaa. Ndoa inafungwa. Picha inaisha kwa msiba.

Kilichoniuma ni kwamba Smita hakujipa usafi. Najma ni mwanamke mwema, mpole, ana mashairi mdomoni, na ni dalali. Anapotambua amemfanyia nini binti wa watu, anajihukumu mwenyewe mbele ya wote. Na nyimbo za Khayyam mle, mojawapo ni shairi la Mir Taqi Mir wa karne ya 18. Jirani yangu mmoja alisema yanayoonyeshwa pale ni ya kweli, ameyaona mtaani kwao.

Mkwajuni

Msafiri, ahsante sana. Sikutaka kuisemea kwa sababu nilijua kuna mtu wa huko ataisema vizuri zaidi. Uongeze na *Gaman* (1978) ya Muzaffar Ali. Kijana anaondoka kijijini Uttar Pradesh kwenda Bombay kuendesha teksi, mke wake Khairun, ndiye Smita, anabaki na mama mkwe. Ana maneno machache mno. Anangoja barua, anaangalia njia. Kila aliyeacha mke nyumbani akaenda kutafuta maisha na nauli ya kurudi ikawa haipatikani aitazame picha hiyo.

Chaguo la Mama

Naomba kuuliza kuhusu *Chakra*. Nilipotafuta mtandaoni kitu cha kwanza kutokea ni picha yake anaoga. Nikaifunga. Ni picha ya aina gani hasa?

Mkwajuni

Swali muhimu, na jibu lake lina hasira ndani yake.

*Chakra* (1981) ni ya muongozaji Rabindra Dharmaraj, inahusu mabanda ya Bombay. Smita ni Amma, mama aliyekimbia kijijini na mtoto wa kiume, anaishi kibandani, ana wanaume wawili katika maisha yake: Luka (Naseeruddin Shah), mhuni anayeoza kwa maradhi na bado ni shujaa wa vijana wa mtaa, na dereva wa lori (Kulbhushan Kharbanda) anayekuja na kuondoka. Anataka kitu kimoja tu, nyumba yenye ukuta. Mwisho serikali inaleta tingatinga.

Kuna sehemu Amma anaoga bombani, hadharani, kwa sababu mabandani hakuna bafu. Ni sekunde chache. Ndani ya picha inaeleza umaskini: hata mwili wako huna pa kuuficha. Wasambazaji wakaichukua sehemu hiyo hiyo wakaibandika kwenye mabango ya mji mzima ili kuita wanaume. Smita alilipinga hadharani. Alisema mwanamke kuoga bombani mabandani ni ukweli, lakini kuwaambia watu njooni mtazame mwili nusu uchi ni kitu kingine kabisa, na kwamba mwanamume hawawezi kumuuza hivyo.

Sasa umetafuta wewe, zaidi ya miaka 40 baadaye, na bado bango lile ndilo lililotangulia. Nakuomba usiifunge. Kwa Amma alipata tuzo yake ya pili ya taifa, na picha yenyewe ikachukua tuzo ya Chui wa Dhahabu ya tamasha la Locarno mwaka 1981. Tazama anavyomsuta mwanawe, anavyocheka na wanawake wenzake kwenye foleni ya maji. Nimekulia mtaa wa foleni ya maji, kicheko kile nakijua.

Kiwira Juu

Na hiyo ya pilipili uliyoahidi?

Mkwajuni

Sawa, *Mirch Masala*. Kaeni vizuri.

Muongozaji Ketan Mehta, yule yule aliyemtumia kwenye *Bhavni Bhavai* (1980) ya Kigujarati. Ilitoka kwenye majumba mwaka 1987, Smita ameshafariki, kwa hiyo watu waliitazama wakijua.

Ni Gujarat wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Subedar, mtoza kodi, anafika na askari wake na farasi, anapiga kambi nje ya kijiji. Naseeruddin Shah anamcheza na masharubu yake na santuri yake. Anachokitaka anakichukua, nafaka, mbuzi, wanawake. Anamwona Sonbai kando ya maji. Sonbai ni Smita. Mume wake ameondoka kwenda kufanya kazi ya reli. Siku subedar anapomgusa, Sonbai anamzaba kibao. Kisha anakimbia, askari nyuma, mpaka kwenye kiwanda ambako wanawake wa kijiji wanasaga pilipili. Mlinzi ni mzee Mwislamu, Abu Mian (Om Puri). Anafunga lango.

Kutoka hapo picha nzima ni lango lile. Nje kuna subedar na mkuu wa kijiji na wazee wanaotaka mwanamke mmoja atolewe ili kijiji kipone. Ndani kuna wanawake, na si wote wako upande wa Sonbai. Wapo wanaomwambia jitoe, utatuponza. Hiyo ndiyo inayonifanya niiheshimu, kwa sababu haidanganyi kwamba wanyonge wanashikana siku zote. Mkuu wa kijiji (Suresh Oberoi, alipata tuzo ya taifa kwa kazi hii) anajua kabisa ni dhuluma, na anaona ni bei nafuu. Mke wake (Deepti Naval), aliyempeleka binti yao shule kwa siri, anawatoa wanawake nje wakipiga sahani na vyungu. Mwalimu wa shule anasema hapana, anafungwa kwenye nguzo.

Smita anafanya nini? Ana hofu. Kuna wakati anataka kujitoa kweli. Halafu unaona uamuzi unavyoingia mwilini, mabega kwanza, kisha shingo, kisha macho. Abu Mian anapigwa risasi, lango linavunjwa, subedar anaingia. Sitawasimulia pilipili inatumika vipi, ila mtajua mbona ilikuwa lazima iwe pilipili. Picha inakoma Sonbai akiwa na mundu mkononi.

Mzee wa Ng'ambo

Marahaba, nilisahau kukuitikia. Nimeitazama jana usiku kwa simu ya mjukuu wangu. Huyu si yule msichana wa steringi niliyemwona *Shakti*. Om Puri naye kanitoa machozi. Mlinzi maskini, anajua atakufa, na halifungui.

Mkunga Mstaafu

Mimi nimefuata uzi kimya. Nauliza kuhusu kifo chake, maana miaka 31 ni mtoto.

Mkwajuni

Mama, alijifungua mtoto wa kiume tarehe 28 Novemba 1986. Baba wa mtoto ni mwigizaji Raj Babbar. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Desemba, akafariki kwa matatizo yaliyotokana na uzazi. Mtoto, Prateik, alilelewa na bibi na babu, wazazi wa Smita, na sasa naye ni mwigizaji. Mwaka mmoja kabla ya kifo alikuwa amepewa nishani ya Padma Shri.

Mkunga Mstaafu

Ahsante mwanangu. Sitasema juu ya mgonjwa ambaye sikumhudumia. Ila niwaambie wanaosoma: watu wanahesabu hatari mpaka mtoto atoke, kisha wote wanamgeukia mtoto. Mama anaweza kupata homa siku ya tatu, ya tano, ya kumi, hata mpaka wiki sita. Homa, maumivu ya tumbo la chini, uchafu wenye harufu, kuchanganyikiwa, damu kuzidi. Hivyo vyote ni vya kwenda hospitali usiku huo huo, msisubiri asubuhi. Mwaka 1986 dawa za kuua vijidudu zilikuwapo, na bado mwanamke wa Bombay, mwenye jina na uwezo, aliondoka. Wa kijijini ndio zaidi.

Chaguo la Mama

Nimetazama *Chakra* mpaka mwisho. Kaka, tingatinga lile. Nimekaa nalo siku nzima. Sasa nataka kuendelea, nianze na ipi? Na ile *Umbartha* uliyoitaja ni nini?

Mkwajuni

Kwa mpangilio wangu: *Manthan*, *Mirch Masala*, *Bhumika*, *Arth*, kisha *Bazaar*. Ukishamzoea, nenda *Akaler Sandhane* (1980) ya Mrinal Sen, ya Kibengali. Kundi la watengeneza picha linakwenda kijijini kuigiza njaa kuu ya Bengal ya 1943, na Smita anacheza mwigizaji anayeitwa Smita. Kijiji chenyewe kinagundua kuwa njaa haijaondoka. Ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha ya tamasha la Berlin 1981. Na *Sadgati* (1981), Satyajit Ray aliitengenezea televisheni kutoka hadithi ya Premchand. Haifiki saa moja. Smita ni mke wa mtengeneza ngozi wa tabaka la chini anayekufa akipasua gogo la kuni la Mbrahmini, kuhani wa tabaka la juu, na hakuna wa kuigusa maiti. Sehemu yake ni ndogo. Mvua inanyesha, anamlilia kuhani mlangoni. Linganisha mvua hiyo na ya *Namak Halaal*.

*Umbartha* (1982) ni ya Kimarathi, muongozaji Jabbar Patel. Wengine wanaona ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Ni Sulabha, mke wa wakili, msomi wa ustawi wa jamii, ana binti mdogo, mama mkwe mwenye heshima zake. Anapata kazi ya kusimamia nyumba ya kuwatunza wanawake walioachwa na waliofukuzwa, mbali na mjini. Anaondoka. Huko anapigana na kamati inayotaka wanawake wale wakae kimya, na kuna mambo mazito mle ambayo wakubwa wa kamati wanayaficha. Anashindwa, anarudi nyumbani. Mume anampokea vizuri, kisha anamweleza, kwa sauti ya mtu mstaarabu, kwamba alipokuwa hayupo alijipatia mwanamke mwingine, na hana nia ya kumwacha. Anategemea atakubali. Sulabha anapanda treni.

BintiSalome

Na binti yake anamwacha?

Mkwajuni

Anamwacha, dada. Mtoto ameshawazoea wa nyumbani, hamjui tena mama vizuri. Ndilo watu wanalobishana mpaka leo kuhusu picha hiyo, na Smita hajaribu kukusaidia kuamua. Itazame na dada zako, halafu uje utuambie sebuleni walisemaje.